Namna refa anavyokagua magongo ya softiboli kabla ya mechi: mwongozo kamili kwa marefa na makocha wa Dar

Hii nawaandikia marefa wapya wa softiboli hapa Dar, na makocha wa shule pia, maana timu zikianza kukutana tu maswali ni yale yale, kwanini gongo letu limekataliwa, kwanini la wale limepita, nani kasema gongo la besiboli halifai. Mchezo kwetu bado mdogo, marefa tuko wachache, na wengi tunafundishwa kwanza kuhesabu straiki na auti, ukaguzi wa magongo unakuja kukumbukwa dakika tano za mwisho, refa anapita benchi, anaangalia juu juu, anasema poa tuanze. Haitakiwi iwe hivo.

Sababu iko pale katikati ya uwanja, ni yule binti anayerusha mpira. Kwa wanawake, kwenye kanuni za WBSC, lile shirikisho la kimataifa la besiboli na softiboli, umbali toka anaporushia mpaka kwenye sahani ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 13.11. Wamarekani walivyoweka kiwango chao cha magongo cha 2004 walitaka mpira usitoke kwenye gongo kwa kasi ya zaidi ya maili 98 kwa saa, hiyo ni kama kilometa 158 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe, mpira wa kasi hiyo unazila hizo mita 13 kwa sekunde 0.3 hivi, na mrushaji akishaachia mpira mguu wake ushaingia mbele, kwahiyo hata hizo mita hazifiki. Na hapo tunaongelea gongo HALALI. Sasa gongo lililochongwa ndani, au lenye ufa unaoweza kuachia kipande kikaruka, we fikiria mwenyewe nani anakaa mbele yake. Watoto wetu wengi wanarusha bila kinga ya uso, kwahiyo mi siwezi kulegeza hili jambo kwa sababu kocha ni rafiki yangu au kwa sababu jua linazama.

Vitu vya kuwa navyo kwenye begi

Cha kwanza ni ringi ya kupimia unene. Za kununua zipo ila kuagiza nje ni gharama na kusubiri, kwahiyo kwa mechi za kirafiki na za shule unaweza kwenda Gerezani hapa Dar kwa fundi wa kukereza vyuma ukamwambia akutengenezee ringi ya alumini au nailoni ngumu. Kipenyo cha ndani ndo kila kitu. Kanuni inasema gongo lisizidi inchi 2 na robo pale penye unene mkubwa kabisa, hiyo ni milimita 57.15, alafu kanuni za Kimarekani zinaruhusu nyongeza ya inchi 1 ya 32, kama milimita 0.8, kwa ajili ya gongo kutanuka kidogo. Kwahiyo mwambie fundi milimita 57.9, asizidishe, na apime na venia mbele yako kabla hujamlipa. Kingo za ndani azisugue ziwe laini kabisa, vinginevo utakuwa unakwaruza magongo ya watu. Mashindano makubwa tumia ringi rasmi, hii ya fundi ni ya kututoa tu.

Vingine ni rahisi: tepu ya kupimia, mizani ndogo ya dijitali kama wanayotumia akina mama wa keki, simu yenye tochi, kitambaa cha kufutia, na roli la stika za rangi. Basi.

Hatua ya kwanza inafanyika nyumbani

Soma kanuni za mashindano unayokwenda kuchezesha. Usiseme kanuni ni kanuni, hapana, kila mashindano yanachagua yanafuata nini, WBSC au USA Softball, chama cha softiboli cha Marekani, au kitu chao wenyewe cha shule, na mihuri inayokubalika, zile alama kwenye gongo kuonyesha limepitishwa, inategemea hapo. WBSC wana orodha yao ya magongo yaliyopitishwa, na USA Softball wana orodha mbili, ya yaliyopitishwa na ya YALIYOKATALIWA, hii ya pili ndo ya muhimu kuliko watu wanavyodhani kwa sababu kuna magongo yana muhuri kabisa lakini baadae yalipigwa marufuku. Zipakue usiku ukiwa na waifai au bando la kutosha uziweke kwenye simu, maana ukifika uwanjani mtandao unasumbua, bando limekata, na kocha amesimama anakusubiri, utaishia kubahatisha.

Hatua ya pili: magongo yote yatoke kwenye mabegi

Fika mapema, nusu saa kabla ya mechi uwe ushaanza ukaguzi, saa nzima kabla kama mna timu zaidi ya mbili. Ukifika salimia benchi vizuri, mabinti watakupa shikamoo, itikia, watoto wakiona refa ni mtu wa kawaida hata wao wanakuwa wa kweli. Alafu mwombe kocha atoe magongo yote ayalaze chini mbele ya benchi, vinundu vyote, ile ncha ya chini ya mpini, upande mmoja, vifuniko, ile ncha ya juu ya tumbo la gongo, upande mwingine. Nasema yote, hata lile anasema ni la mazoezi tu, hata lile la mchezaji ambaye leo hachezi. Gongo likiwa kwenye benchi wakati wa mechi kuna mtu atalichukua, hiyo ni kawaida, mtoto anaitwa aingie kupiga anashika la karibu.

Kocha asimame hapo hapo na wewe mpaka mwisho. Usikague peke yako pembeni, na usimtume mchezaji akuletee moja moja. Kocha akiwepo anaona ulichoona, na kesho atakagua mwenyewe kabla hajaja uwanjani, hapo utakuwa umepunguza kazi ya marefa wote wanaokufuata.

Tafuta kivuli kwa ajili ya kazi yenyewe ila uwe na sehemu ya jua karibu, utaihitaji kuangalia mibonyeo.

Hatua ya tatu: soma muhuri

Hapa ndo pana mambo mengi kwa sisi wa Dar, kwa sababu magongo yetu yanatoka kila kona. Mengi ni ya msaada toka Japan, hata uwanja wa pale Azania Sekondari, Upanga, ule wanaouita Koshien uliozinduliwa 2018, umetokana na msaada wa Wajapani. Mengine yanaletwa na watu waliotoka Marekani, mengine mtu kanunua mtumba hajui hata ni ya nini. Kwahiyo gongo moja lina maandishi ya Kijapani, la pili lina stempu ya ASA, la tatu halina kitu.

Anza na yale ya Marekani. Mihuri ya chama chao utaiona imeandikwa ASA na mwaka, 2000, 2004 au 2013, na yale mapya yameandikwa USA Softball, kwa sababu ASA walibadilisha jina 2017. Mara nyingi iko pale gongo linapoanza kunenepa, au kwenye tumbo lenyewe. Sasa kuna mtego hapa, kuna muhuri mwingine umeandikwa USA Baseball, ulianza kutumika 2018, huo ni wa BESIBOLI ya watoto, haukuhusu. Mtu akisoma haraka anaona "USA" anasema sawa pita. Soma mpaka mwisho. Vivo hivo muhuri wa BBCOR wenye .50, ni kiwango cha magongo ya besiboli. Na wale USSSA, chama kingine cha Marekani, wana alama ya dole gumba na namba, 1.20 ni softiboli na 1.15 ni besiboli, na hata ile ya 1.20 haina maana inakubalika kila mahali, rudi kwenye kanuni za mashindano yako.

Ya Japan tafuta alama ya JSA, hao ni chama cha softiboli cha Japan, na karibu yake kuna namba 1, 2 au 3. Hiyo namba ni saizi ya mpira gongo lilitengenezewa. Namba 3 ndo inaendana na mpira wa kawaida wa inchi 12 za mzunguko, 1 na 2 ni za watoto wadogo wenye mipira midogo. Kuna kitu kingine: Wajapani wanacheza sana na mpira wa raba, na baadhi ya magongo yao yametengenezwa kwa raba tu, ukiyapigia mpira wa ngozi ukuta unabonyea au unapasuka haraka. Kama husomi Kijapani fungua programu ya kutafsiri kwenye simu, elekeza kamera kwenye maandishi, itakuambia ni raba au ngozi au vyote viwili. Dakika moja tu. Na muhuri wa JSA peke yake haufanyi gongo liwe kwenye orodha ya WBSC, kwa hiyo kwa mechi za shule waandaaji waseme mapema kabisa kama JSA inakubalika, mi ushauri wangu waikubali kwa maandishi, maana bila hivo nusu ya timu hapa mjini hazitakuwa na gongo la kupigia.

Muhuri ukiwa umefutika kwa kutumika usikimbilie kukataa wala kukubali. Tafuta modeli ya gongo, mara nyingi iko kwenye kinundu au imeandikwa kubwa kwenye tumbo, ilinganishe na orodha kwenye simu. Ukikosa muhuri na ukakosa modeli, mi naliweka pembeni.

Hatua ya nne: ringi, tepu, mizani

Urefu usizidi inchi 34, yaani sentimita 86.4. Uzito usizidi wakia 38, kama kilo 1.08. Kiukweli hapa ni nadra kukuta tatizo, magongo ya mabinti wetu mengi ni mafupi na mepesi kuliko hapo. Ila mizani ina kazi nyingine, magongo mengi ya Kimarekani yana namba mbili kwenye kinundu, mfano 33/23, urefu inchi 33 uzito wakia 23, kama gramu 650. Ukipima ukakuta tofauti kubwa na ilichoandikwa, gripu mpya inaweza kuongeza kidogo sawa, lakini likiwa jepesi sana kuna kitu kimetolewa ndani, likiwa zito sana kuna kitu kimeongezwa. Liweke akilini, utarudi kwenye hilo gongo kwenye hatua ya kifuniko.

Ringi sasa. Shika gongo wima, kinundu chini, vesha ringi kutokea juu kwenye kifuniko, iache ishuke kwa uzito wake mwenyewe. USISUKUME. Ringi inatakiwa ishuke yenyewe tumbo zima mpaka kwenye mpini. Ikigoma mahali, zungusha gongo robo, jaribu tena, kwa sababu gongo likibonyea upande mmoja linatoka nje upande mwingine, linakuwa kama yai, sasa ukijaribu mara moja tu unaweza kulikosa. Likigoma kwenye mzunguko wowote, gongo hilo leo halichezi. Futa jasho na vumbi kwanza lakini, uwanja wetu ule mchanga mwekundu ukigandana na mafuta ya mkono unaweza kuigomesha ringi bila sababu ya maana.

Na hii ringi ndo inayokamata magongo ya besiboli yaliyojichanganya. Timu zetu nyingi wavulana wanacheza besiboli wasichana softiboli, begi ni moja, kwahiyo magongo yanahama. Gongo la besiboli la BBCOR linaweza kufika inchi 2 na tano ya nane, haliwezi kabisa kupita kwenye ringi ya inchi 2 na robo. Hapo huna haja ya kubishana na mtu, ringi inajibu.

Hatua ya tano: macho na vidole

Peleka gongo juani sasa. Lishike kama unapiga chabo kwenye bomba, jicho lako liwe karibu na kinundu ukiangalia kuelekea kifuniko, alafu zungusha taratibu. Mwanga ukiwa unateleza juu ya alumini iliyonyooka unaenda mstari mmoja, ukifika kwenye mbonyeo mstari unapinda au unakatika. Kuna mibonyeo midogo sana ambayo hutaiona ukiangalia kwa mbele ila hivi inajitokeza yote.

Alafu funga macho, mi nafunga kweli, upitishe vidole vitatu toka juu mpaka chini, zungusha, rudia. Unatafuta kingo zenye makali, mikwaruzo ya kina, ukuta uliobonyea, riveti iliyotokeza. Kanuni inataka gongo lisiwe na vitu hivyo vyote. Hapa Dar chanzo kikubwa cha mibonyeo si mpira, ni watoto wanaopigia mawe wakati wa kusubiri, ni kugongesha gongo kwenye spaiki za viatu kutoa udongo, ni magongo kurushwa nyuma ya bajaji na kulaliwa na ndoo ya mipira. Makocha hili mnaweza kulimaliza nyie wenyewe, soksi kuukuu ndefu kwa kila gongo wakati wa kusafiri inatosha kabisa.

Ya kompositi, yale ya fiba iliyogandishwa, ni habari nyingine. Hayabonyei, yanapasuka. Mistari myembamba kama utando wa buibui kwenye rangi inaweza kuwa rangi tu imechoka, gongo lenyewe ni zima. Namna ya kutofautisha: pitisha ukucha kukatiza mstari. Ukucha ukiteleza bila kukwama ni rangi. Ukikwama, au ukibonyeza kwa dole gumba pembeni ya mstari ukaona kingo mbili zinasogea, huo ni ufa wa kwenye fiba na gongo limekwisha. Angalia zaidi pale karibu na kifuniko na pale gongo linapoanza kunenepa, ndo sehemu nyufa zinaanzia. Tumia tochi ya simu kwa kulaza mwanga pembeni, usimulike moja kwa moja.

Hatua ya sita: sikio

Litikise gongo karibu na sikio. Likilia ndani kuna kitu kimeachia, kinaweza kuwa gundi iliyokauka ikakatika kipande, kinaweza kuwa fiba, kinaweza kuwa kitu mtu kaweka. Kwa kanuni haijalishi ni kipi, gongo halitakiwi kulia.

Alafu ligonge. Shika mpini kwa vidole viwili, legevu, ligongegonge tumbo kwa kifundo cha kidole au kwa sarafu kuzunguka pande zote, kama mtu anavyochagua tikitimaji sokoni. Alumini nzima inalia kwa mlio mmoja ulio wazi, kompositi nzima inatoa mlio mzito lakini ule ule pande zote. Ukifika sehemu mlio ukabadilika ghafla ukawa mfu, au ukasikia kama kitu kinachezacheza, rudi hapo na vidole na tochi. Ukaguzi huu unataka utulivu, kwahiyo waambie mabinti wapunguze nyimbo kidogo, dakika chache tu.

Mwisho wa hatua hii, yale magongo ya vipande viwili, mpini wake na tumbo lake vimeunganishwa. Shika mpini mkono mmoja, tumbo mkono mwingine, jaribu kuvizungusha kinyume na kuvikunja kidogo. Visisogee. Ukisikia kiungo kinacheza hata kidogo tu likatae, hilo ndo lile linaloachia katikati ya pigo na tumbo zima likaruka kwenda kwa mrushaji.

Hatua ya saba: ncha mbili

Kinundu cha chini kinatakiwa kiwe kimetokeza angalau robo ya inchi kwenye kona ya nyuzi 90, kazi yake ni kuzuia gongo lisichoropoke mkononi, na kwa jasho la Dar la Januari hilo si jambo dogo. Kiwe kimefungwa moja kwa moja, kisicheze. Kama tepu imezungushwa kuficha kinundu kabisa mwambie kocha aifungue kidogo uone.

Kifuniko cha juu ndo sehemu ambayo mtu mwenye nia mbaya anapitia. Kuna watu kwenye nchi zenye magongo ya bei kubwa wanafungua kifuniko, wanachonga ukuta kwa ndani uwe mwembamba, wanarudishia. Ukuta mwembamba unabonyea zaidi mpira ukigusa na kuurudisha kwa nguvu zaidi, ndo kasi inapozidi. Wengine wanalipitisha gongo la kompositi katikati ya rola mbili zinazolibana ili fiba ilegee mapema. Kwa macho huwezi kuthibitisha haya, ila dalili zipo: gundi iliyovuja kwenye ukingo wa kifuniko, alama za bisibisi au koleo, kifuniko kimekaa upande, rangi ya kifuniko haiendani na ya gongo, uzito pungufu. Kwa yale yaliyopitishwa kwenye rola utakuta michubuko mirefu inayokwenda sambamba upande kwa upande. Dalili moja ndogo peke yake usimtuhumu mtu. Dalili mbili na uzito haueleweki, gongo likae pembeni.

Na usije ukamwambia kocha mbele ya watoto "mmelichezea hili". Hapa kwetu gongo lina mikono kumi kabla halijafika kwake, inawezekana hajui lolote. Mwambie tu kifuniko kimefunguliwa, siwezi kulipitisha.

Gripu

Iwe na urefu wa angalau inchi 10 na isipande zaidi ya inchi 15 kutoka ncha ya chini, yaani kati ya sentimita 25 na 38. Iwe ya koki, tepu au kitu cha kukamata, isiwe plastiki laini ya kuteleza wala selotepu ya ofisini, nayo nimeikuta. Tepu isizidi tabaka mbili. Gripu inayoning'inia ifungwe upya hapo hapo, hili ni tatizo la kurekebishwa uwanjani, usikatae gongo zima kwa ajili yake, mpe kocha muda.

Gongo la mbao la kipande kimoja halihitaji mambo mengi, ringi, urefu, gripu, alafu tafuta nyufa kufuata nyuzi za mbao na vibanzi vinavyotaka kuchomoka. Lenye ufa uliopigwa gundi au kufungwa tepu halichezi.

Jinsi ya kukataa gongo bila ugomvi

Magongo yaliyopita yabandike stika, rangi moja kwa siku nzima, juu kidogo ya gripu. Yaliyokataliwa yatoke benchi kabisa, yaende kwenye gari au yakae kwa mwalimu mwingine nje ya uwanja, yasirudi mpaka mechi iishe. Usiyataifishe, ni mali ya shule.

Maongezi yenyewe huwa yanaenda hivi:

"Kaka refa, hilo tumelichezea mwaka mzima, leo ndo linakuwa bovu?"

"Ticha, njoo uone mwenyewe, shika ringi. Iache ishuke. Umeona hapo ilipogoma?"

"Ila sasa tumebaki na moja."

"Najua. Ongea na Ticha wa wale, mtumie yao yaliyopita."

Mpe ashike ringi mwenyewe, hiyo ndo siri kubwa, akishaona kwa mkono wake maneno yanaisha. Na hilo la kuazimana lipangwe mapema na waandaaji, kwamba magongo yote yenye stika yanaweza kutumiwa na timu zote mbili siku hiyo. Kwa mazingira yetu ambapo gongo jipya ni pesa nyingi na shule ina mawili matatu, naona hii ni njia bora mara mia kuliko kufumbia macho gongo lenye ufa. Kuna marefa wanasema tukikaza sana timu zitakosa vifaa mchezo utakufa, mi siungi mkono kabisa, mzazi mmoja akipigiwa simu mwanae kapasuliwa taya na kipande cha gongo ndo hapo shule itafuta timu nzima.

Ukimaliza magongo pita na helmeti hapo hapo, nyufa, sponji za ndani, na kinga ya uso kama ipo isiwe inacheza. Kisha waite makocha wote wawili, waulize mbele ya refa mwenzako wa kwenye beisi kama vifaa vyao vyote ni halali na viko kwenye benchi vile tu vilivyokaguliwa. Wakisema ndio, wamechukua dhamana.

Mechi ikianza

Ukaguzi hauishi. Kila mpigaji anapokuja kwenye boksi, lile eneo analosimama kupiga, tupia jicho stika. Kwa kanuni za kimataifa mpigaji akiingia kwenye boksi na gongo lisilo halali ni auti. Kama ni gongo lililochezewa, yaani lililobadilishwa umbo au kuwekwa kitu ndani, ni auti na anatolewa mechi nzima. Ndo maana nasisitiza kocha ayatoe mabovu mapema, binti wa kidato cha pili asije akafukuzwa kwa kosa la begi. Ukiona hana stika na bado anatembea kuja, hajaingia kwenye boksi, mwambie tu arudi akachukue lingine, hapo bado hakuna kosa. Timu pinzani wakilalamikia gongo wafanye hivyo mapema, mrusho kwa mpigaji anayefuata ukishapita umechelewa.

Gongo zima linaweza kuharibika katikati ya mechi. Ukisikia mlio umebadilika ghafla, ule mpasuko mkavu wa kompositi utaujua tu, subiri mchezo usimame, omba muda, litazame. Likiwa na ufa libandue stika, mpe kocha alitoe. Aliyepiga hana kosa, pigo lake linabaki. Ila gongo hilo likionekana tena kwenye boksi baadae hiyo sasa ni kesi nyingine.

Baada ya mechi andika kwenye karatasi ya matokeo magongo uliyokataa, modeli na sababu kwa maneno machache tu, "Mizuno sm 84, limebonyea, ringi imegoma", alafu ipige picha hiyo karatasi umtumie kocha. Refa wa wiki ijayo akilikuta limerudi kwenye begi atajua aanzie wapi.